Nilimwonyesha Bwana Harusi Kabla Shangazi Hajampata

Mpendwa Ssenga Nakayenga, shangazi yetu sote wasomaji, nakuandikia huku nina simu mbili zinazolia, moja ya kazi na moja ya mchumba, na zote naogopa kuzipokea, kwa hiyo naomba uniokoe mapema, maana nimesoma safu yako tangu nikiwa shule na nimeona ukiwasaidia watu wenye aibu kubwa kuliko yangu, ingawa ukimaliza kusoma haya sijui kama utawakumbuka.

Mimi ni kijana wa Nansana, jina langu tafadhali usilichapishe, na kazi yangu ni vijei wa sherehe, nasema wa sherehe kwa sababu hapa kwetu ukisema vijei watu wanadhani wewe ni mmoja wa wale wanaotafsiri sinema za Kichina kwa sauti ya kukwaruza, hata mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba natafsiri ila bado sijafungua mdomo. Mimi sitafsiri chochote. Mimi nachanganya picha, yaani video za muziki, picha za wenye sherehe tangu wakiwa hawana meno, majina yao yakizunguka kwa rangi ya dhahabu, na uso wa anayekata keki ukiwa mkubwa kuliko keki yenyewe, vyote kwenye kiwambo kimoja na vyote vikienda na ngoma. Nilianza na projekta niliyoipata kwa kanisa moja lililokuwa limenunua mpya, na kila nikiiwasha ilianza kwa kuandika Karibuni Ibadani, jambo lililonipa shida kidogo kwenye sherehe za baa, na kiwambo changu cha kwanza kilikuwa shuka la mama lenye kiraka, ndiyo maana katika kazi zangu za zamani kila aliyesimama upande wa kulia ana kiraka begani.

Kazi hii haina chuo, Ssenga, kila mtu anajifundisha mwenyewe, na mimi mwalimu wangu alikuwa mzungu mmoja wa kwenye simu ambaye kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba vijei asimfiche mwenye siku, popote alipo ukumbini mtafute, mulika uso wake, na wale waliokaa nyuma nao waone. Nikaishika kanuni hiyo kwenye sherehe za kuzaliwa na za kuhitimu, na watu wakaanza kuniita Vijei Ttaala, yaani Taa, kwa sababu hakuna uso unaonipita.

Sasa nina mchumba, Ndagire, tumependana muda mrefu lakini kwao walikuwa hawajanijua, na dada yake mkubwa Nassimbwa alipokaribia kwanjula yake, siku ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazee, Ndagire akaniambia njoo ufanye picha bure, ili siku ukija kama mkwe wazee waseme kumbe ni yule kijana wa picha nzuri. Nilifurahi mno. Nikaazima kamera ya pili, nikakodi kiwambo halisi kisicho na kiraka, nikakiweka juu ya hema la wenyeji pamoja na ile kamera, vikiwatazama wageni.

Mambo yalianza vizuri, upande wa bwana harusi wameketi kwenye hema lao na kanzu zao na makoti, upande wa bibi harusi wanajifanya hawajawahi kuwaona, msemaji wa wenyeji, Mzee Luyombya, anawauliza kwa kipaza sauti kama wamepotea njia au wametumwa kuchanja mbuzi, watu wanacheka, halafu akatoka Ssenga Nambooze, shangazi yao, amevaa gomesi ya zambarau na shada la maua mkononi, kwenda kumtafuta bwana harusi. Wewe hii unaijua kuliko mimi, kwamba mpaka shangazi amvishe mtu lile shada hakuna bwana harusi pale, kuna wanaume tu. Na yule mama alikuwa mcheshi kweli. Alianza upande wa mwisho kabisa, akamshika mzee mmoja kidevu akasema huyu alipaswa kuja na babu yangu, akamwambia mwingine pua aliyoelekezwa ni ndogo kuliko hiyo, akasema macho yake mwenyewe yamechoka na waliomtuma hawakumpa hata miwani, na bwana harusi mwenyewe, Ssembajjwe, alikuwa katikati ya mstari, ameinamisha kichwa, anangoja.

Hapo nikamkumbuka mzungu wangu. Nikaona watu wa nyuma hawamwoni mwenye siku, nikasogeza kamera, nikaujaza uso wa Ssembajjwe kiwambo kizima, jasho linaonekana, nikaweka na maandishi ya dhahabu BWANA HARUSI NI HUYU, na kopa mbili pembeni. Watu wakaangua kicheko. Ssenga Nambooze alikuwa amekipa kiwambo mgongo, akadhani wanamcheka mzee mwenye pua, akazidisha utani, na alivyozidisha ndivyo watu walivyozidi kulia kwa kicheko, mpaka akageuka. Na mimi nilipoona amegeuka nikashtuka, nikataka kuzima, nikabonyeza pasipotakiwa, zikaanza zile picha za historia ya mapenzi nilizoziandaa kwa ajili ya wakati wa keki, na ya kwanza ikawa ya Ssembajjwe na Ssenga Nambooze mwenyewe, wamekaa bega kwa bega kwenye benchi la nyama choma, wanakula kwenye sahani moja.

Mzee Luyombya akachukua kipaza sauti akasema taratibu, "Ssenga, macho ni mabovu, tumekubali, lakini mdomo naona ulimjua siku nyingi."

Nilidhani hema litadondoka kwa kicheko. Ssenga Nambooze aliliweka shada kwenye kiti kilichokuwa wazi akaingia ndani ya nyumba, hakukimbia, alitembea, na hakutoka tena hadi chakula. Mdogo wake alisukumwa nje akaliokota shada akamvisha Ssembajjwe haraka haraka, kama mtu anayechukua mzigo wake stendi, na kwanjula ikaendelea.

Shida yangu sasa ndiyo hii. Huyo shangazi niliyemwaibisha ndiye shangazi wa Ndagire vilevile, na bila yeye siingii kwao hata kwa dirisha, kwa hiyo majuzi Ndagire alinipeleka kwake Kyengera kunijulisha. Alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Wewe nimekutambua bila kiwambo." Akatukaribisha, akatupa chai, akatuuliza habari za njiani kama kawaida, na tulipokuwa tunaaga akanishika mkono akaniambia maneno haya ambayo silali kwa ajili yake:

"Siku yako nitakuja, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nitavaa vizuri. Nitautembea mstari wote, nikifika kwako nitakutazama sana, halafu shada nitamvisha aliyekaa kando yako. Na wewe hapo utatafuta picha ya kuonyesha."

Njiani Ndagire alilia, akaniambia shangazi yake alikuwa ameufanyia mazoezi ule utani miezi mingi jikoni, anaongea na masufuria, kwa sababu mama yao alifariki wangali wadogo na yeye ndiye aliyewalea, na alikuwa amesema siku hiyo atachekesha mpaka watu wasahau kwamba kuna kiti cha mama hakina mtu. Mimi hayo sikuyajua, Ssenga, ningeyajuaje, mimi ni mtu wa picha.

Na wakati huo huo, sijui nani aliitoa, ile klipu ya shangazi kageuka imeanza kutembea kwenye simu za watu, na tangu hapo simu yangu ya kazi haipumziki, watu wa Mukono, watu wa Masaka, mzee mmoja tajiri wa barabara ya Entebbe, wote wanataka kwenye kwanjula zao niwafanyie ile ile, shangazi atafute halafu kiwambo kimtangulie. Ndagire anadhani klipu ilitolewa na vijana wa upande wa Ssembajjwe na amewanunia wote, na ameniambia nikifanya nyingine kama hiyo hata moja nitafute mke mwingine, nimtafute na hiyo hiyo kamera. Lakini Ssenga, nimeanzia kwenye shuka lenye kiraka, na sasa ndipo mlango umefunguka, je, niufunge mwenyewe? Nilikuwa nafikiri nizipokee kazi hizi chache tu mpaka jina likae, halafu nimtengenezee Ssenga Nambooze video nzuri ya kuomba msamaha, yenye picha zake tangu usichana na muziki wa taratibu, niende jioni niimulike kwenye ukuta wa nyumba yake, majirani nao waone jinsi ninavyomheshimu. Au ni mapema mno? Nishauri nianze na lipi, kazi au mke, na kama kuna namna ya kuvipata vyote usinifiche.

Ni mimi niliyegeukiwa na kiwambo, Nansana.

SSENGA NAKAYENGA ANAJIBU

Wewe kijana wa Nansana, umeniomba nisilichapishe jina lako na sitalichapisha. Ila nikuambie tu kwamba limeshachapishwa. Liko pembeni mwa ile klipu, chini, kwa herufi nyekundu, pamoja na namba ya simu. Na klipu yenyewe imepigwa kutoka juu ya hema la wenyeji, mahali ambapo wewe mwenyewe umeniambia ulitundika mitambo yako. Unasema hujui nani aliitoa. Mimi najua, na nadhani msomaji naye ameshajua, na anayebaki gizani ni Ndagire peke yake, ambaye amewanunia vijana wa shemeji yake kwa kosa la mchumba wake.

Niliogopa nisije nikakuonea, kwa hiyo nikaipiga ile namba. Ukapokea kwa sauti tamu, ukaniita mama. Nikakuuliza kama unaweza kunifanyia ile ya shangazi. Ukasema, "Hiyo ndiyo maalumu yetu, mama, na sasa tunaongeza na sauti ya ng'ombe akilia shangazi akigeuka." Nikakushukuru nikakata. Kwa hiyo mwanangu, usiniulize kama upokee kazi hizo au usipokee. Uliniandikia kuomba ruhusa ya kitu ambacho umeshakiuza, ukiwa umeongeza na ng'ombe.

Sasa nisikufanye uone kama mimi ni malaika. Klipu hiyo niliiona kabla ya barua yako, alinitumia mpwa wangu, na nilicheka mpaka nikaweka chai chini. Nikairudia. Mara ya pili niliangalia mikono ya yule mama. Anapogeuka na kujiona kule juu na sahani ya nyama, mikono yake inalificha lile shada nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na kitu. Sikucheka tena, na mimi pia ni shangazi, nimetafuta mabwana harusi wengi kwenye mahema ya watu, na kila mmoja wao nilikuwa nimekula naye kabla. Unadhani hema zima lilikuwa halijui? Lilijua. Mzee mwenye pua alijua, mbuzi walijua. Tunajua sote na tunakubaliana kutojua kwa muda wa nusu saa, ili mtoto wa watu asichukuliwe kama sukari dukani, atafutwe, aulizwe, acheleweshwe, na yule anayekuja kumchukua akae atoke jasho kidogo bila jina. Mzungu wako hajawahi kutoa binti. Kanuni yake ni nzuri sana kwa keki.

Na hilo la kusema ningeyajuaje, mimi ni mtu wa picha, sitaki kulisikia tena. Ungeyajua kwa kuuliza. Unataka kuwa vijei, na kazi ni nzuri, watu wanaitaka, siku hizi hata matanga yana kiwambo. Basi anza upya kama mtu anayeanza kazi. Kabla ya sherehe yoyote nenda ukae na watakaozungumza siku hiyo, shangazi, msemaji, mwenye nyumba, uwaulize nini kinafichwa na kinafunguliwa saa ngapi. Picha za keki zikae kwenye keki, usizilaze karibu na kidole chako. Na shangazi akitoka na shada, kiwambo kiwe cheusi. Hapo utakuwa unafanya kazi kuliko wakati mwingine wowote, ingawa najua itakuuma, wewe Ttaala ambaye hakuna uso unaokupita.

Yule mzee wa barabara ya Entebbe na wenzake wapigie leo, uwaambie ile hufanyi tena. Watakaobaki ni wateja wako. Watakaoondoka walikuwa wanataka kumcheka mama wa mtu, na wa kuwachekesha watampata, nchi haijakosa. Klipu ifute ulikoiweka. Najua haitarudi yote, ikishafika kwenye simu za watu ni ya watu, lakini angalau isitoke tena mkononi mwako.

Ndagire umwambie kwanza, na umwambie kwa mdomo, si kwa picha. Mwambie, klipu niliitoa mimi, kwa sababu nilitaka kazi, na nilikuacha uwanunie watu bure. Atalia tena, na anaweza kuvua pete kama mlishavishana. Hilo siwezi kukukinga nalo. Barua yako nimeishikilia kwa makusudi, nimekutumia ujumbe kwa namba ile ile nyekundu kukuambia itatoka Jumamosi hii, kwa hiyo ikiwa Ndagire anasoma haya kabla hujamwambia, umechagua mwenyewe, na usiniandikie tena.

Kwa Ssenga Nambooze, ole wako umulike ukuta wa mtu. Yule mama ameaibishwa na kiwambo, na wewe unataka kumwomba radhi kwa kiwambo, majirani wakiwa wamekaa na njugu. Nenda na Ndagire, mchana, na sukari na sabuni na kitambaa cha gomesi kama anavyokwenda kila mwanaume mwenye haja kwa shangazi wa mtu. Simu uizime kabla ya geti. Kaa chini kwenye mkeka, usikae kwenye kochi. Mwambie kuhusu klipu, asiisikie kwa mwingine. Akikutukana, itikia. Akinyamaza, nyamaza nawe, usijaze ukimya wa watu, hilo ndilo tatizo lako.

Halafu akishamaliza hasira, muulize jambo moja. Muulize alikuwa amepanga kusema nini akimfikia Ssembajjwe. Maana sisi sote tumeiona ile klipu, Kampala nzima imeiona, na hakuna anayejua ule utani ulikuwa unaishia wapi. Ule mwisho ameufanyia mazoezi miezi mingi mbele ya masufuria yake, akaurudisha ndani ya nyumba bila kuusema. Bado anao. Mwombe akuambie, na akikubali, usirekodi.

Na kuhusu kitisho chake cha kumvisha shada aliyekaa kando yako, mimi nimekipenda, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Kwa hiyo siku yako ikifika, kama itafika, kando yako muweke mjomba wako mwenye wake wawili, kila upande mmoja kama una wajomba wa kutosha, ili mama akiamua kukuadhibu walau hema licheke na wewe ukiwemo. Mitambo mwachie mtu mwingine, na mwambie aizime. Vaa kanzu yako, inamisha kichwa, uwe mwanaume tu kwenye mstari, usiye na jina wala maandishi ya dhahabu.

Atakuja na gomesi yake ya zambarau. Atawashika wazee videvu, atalalamikia macho yake, na atakupita. Mwanangu, hapo usikohoe. Usiinue mkono, usimwonyeshe uso. Mwache afike mwisho wa mstari watu wakicheka, mwache acheze. Amebaki na maneno ambayo hajayasema, na hawezi kuyasema mpaka arudi alipo bwana harusi.